Mastaa wa Voi ni Simba, Ndovu na Wageni. Watu wa Kasigau Wako Wapi?

Fungua simu yako sasa hivi, andika "Voi", halafu uone nani anatokea. Ndovu wekundu kwa vumbi la Tsavo. Simba waliokula watu. Mzungu aliyeanguka na ndege. Mzungu aliyelea ndovu. Mzungu mwanajeshi aliyezikwa hapa. Hoteli za watalii. Na siku hizi, stesheni ya SGR.

Sasa tafuta mtu wa hapa. Mtaita, Msagalla, Mkasigau, yeyote yule. Endelea kutafuta, mimi nangoja.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo leo hakuna profesa hapa. Lakini kusoma sijaacha, na kuuliza wazee sijaacha. Na kadiri ninavyosoma historia ya huu mji ndivyo ninavyoona kitu kimoja: Voi haina uhaba wa watu mashuhuri. Ina orodha mbovu. Mtu akipita hapa wiki moja halafu aandike kitabu, anaingia kwenye orodha. Mtu akizaliwa hapa, ateseke hapa, afukuzwe hapa na arudi hapa, anaitwa "wenyeji". Bila jina. Umati tu nyuma ya picha.

Wacha tuanze kabla mji haujakuwepo.

Jina Voi, simulizi linalorudiwa sana ni kwamba lilitoka kwa Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba aliyekuwa akipeleka misafara hadi pwani. Huyo ndiye aliyempokea mmishonari Krapf kule Kitui, na mwaka 1849 Krapf akauona Mlima Kenya akiwa kwake. Kivoi aliuawa mwaka 1851 wakiwa safarini na huyo huyo Krapf. Kama simulizi ni kweli, basi hata jina la mji wetu ni la mtu wa safari. Sawa, hakuna neno. Mji wa njiani una haki ya kuwa na jina la mtu wa njia.

Lakini miaka hiyo kulikuwa na mahali hapa karibu palipojulikana kabla ya Voi. Kasigau.

Kama hujafika, ni hivi: ukitoka Voi kwenda Mombasa unafika Maungu, unaacha lami, unakata kulia, unakula vumbi mpaka mlima unasimama mbele yako peke yake, kama mtu aliyekataa kusogea. Kilele chake kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na juu kuna msitu wa mawingu ilhali chini ni nyika kavu. Vijiji vimeuzunguka mlima: Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi, Kiteghe.

Oktoba 1847 mmishonari Mjerumani, Johannes Rebmann, alitoka Rabai akaja mpaka hapo. Wakati huo mlima uliitwa Kadiaro. Mei mwaka uliofuata alipita tena Taita akienda Chagga, akaona theluji juu ya Kilimanjaro, na wasomi wa London wakamcheka, ati theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Hiyo stori inafundishwa. Isiyofundishwa ni kwamba Rebmann hakuwa na ramani. Alikuwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyezijua njia hizo zote. Rebmann "aligundua", Bwana Kheri "alisindikiza". Umeona vile maneno yanafanya kazi?

Na watu wa Kasigau hawakuwa wamekaa tu wakingoja kugunduliwa. Mwanaakiolojia Mkenya, Chapurukha Kusimba, alichimba huko Kasigau upande wa Bungule, akakuta mapango ya mawe yaliyozibwa kwa kuta za mawe na miti. Anaeleza kwamba zilikuwa ngome, mahali pa kujikinga na kulinda mifugo wakati wa misafara ya kukamata watumwa. Hebu fikiria hiyo kazi. Kubeba mawe mlimani, kujenga ukuta kwenye mdomo wa pango, ili mtoto wako asipelekwe pwani kuuzwa. Hao ni watu waliokuwa na uhandisi wao na mpango wao.

Kisha ikaja reli.

Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896. Kufikia 1898 ulikuwa umepita Voi na kufika mto Tsavo, na hapo ndipo wale simba wawili walipoanza kuchukua wafanyakazi usiku. Stori mnaijua. John Patterson, msimamizi wa daraja, aliwaua Desemba 1898. Mwaka 1907 akatoa kitabu. Miaka ya 1920 akaziuza ngozi zao kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000, na mpaka leo wako kule ndani ya kioo. Mwaka 1996 Hollywood wakatoa filamu, na hata hiyo waliipigia Afrika Kusini.

Kuna msemo tunaupenda sana Waafrika, kwamba simba asipopata mwandishi wake, hadithi za mawindo zitamsifu mwindaji siku zote. Huku kwetu mambo yalipinduka. Simba walipata mwandishi, wakapata jumba la makumbusho, wakapata na filamu. Waliokosa mwandishi ni waliolikwa.

Na sitanii. Patterson mwenyewe aliandika kwamba Wahindi wa reli waliouawa walikuwa 28, halafu akaongeza Waafrika wengi ambao hakuna aliyeweka hesabu yao. Soma tena. Mhindi aliyekuja kwa mkataba alikuwa na namba, kwa hivyo alipokufa pengo lilionekana kwenye daftari. Mwafrika hakuwa kwenye daftari, kwa hivyo hata kufa kwake hakukupunguza kitu. Mwaka 2009 wanasayansi walipima nywele na mifupa ya wale simba, wakakadiria kwamba walikula watu kama 35. Yaani tumeenda kuwauliza simba idadi ya watu wetu, kwa sababu watu wa reli hawakuandika.

Kichekesho cha mwisho: Kusimba, yule aliyechimba mapango ya Kasigau, alifanya kazi miaka mingi katika jumba hilo hilo la Chicago. Jengo moja, kuna simba wetu na kuna aliyeandika kuhusu mababu zetu. Watalii wanapanga foleni kwa simba.

Sasa tufike 1915. Hapa ndipo nataka mkae vizuri.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, mpaka kati ya Waingereza na Wajerumani ulikuwa hapa hapa kwetu. Agosti 1914 Wajerumani waliichukua Taveta. Vikosi vyao vidogo vikawa vinavuka nyika usiku na baruti, vinalipua reli ya Mombasa. Waingereza nao, mwaka 1915, wakaanza kujenga reli mpya kutoka Voi kwenda Taveta kupitia Mwatate na Maktau, ili kupeleka askari, maji na mizinga. Voi ikageuka kutoka stesheni ya njiani ikawa kambi. Ukitaka kujua kwa nini Voi ilikua ikawa mji, vita ni nusu ya jibu.

Kasigau ulikuwa mlima wa thamani kwenye huo mchezo. Mwenye mlima aliona nyika yote, na maji yako pale. Waingereza waliweka kituo. Agosti 1915 Wajerumani wakakivamia, wakakiteka. Waingereza hawakujiuliza kama kituo chao kilikuwa dhaifu. Walisema wenyeji ndio waliowauza.

Adhabu haikuwa ya mtu mmoja wala ya mzee wa kijiji. Ilikuwa ya kabila zima la mlima. Wanaume, wanawake, vikongwe, watoto wa mgongoni, wote waliondolewa Kasigau wakapelekwa Malindi. Watu wa mlimani, waliozoea hewa ya baridi na chemchemi, wakatupwa pwani kwenye joto na malaria ambayo miili yao haikuizoea. Hawakuwa na mashamba, wala mifugo, wala ndugu. Walikufa wengi. Baadaye waliobaki waliletwa karibu na milima ya Taita, lakini si nyumbani. Kurudi Kasigau kwenyewe waliruhusiwa miaka ya 1930.

Piga hesabu. Mtoto aliyebebwa mgongoni mwaka 1915 alirudi akiwa mtu mzima, pengine na watoto wake. Alirudi kwenye mlima asioukumbuka, akaongozwa na wazee waliokuwa wanakumbuka kwa niaba yake. Hapa ni kwa mama, hapa palikuwa na mti wetu, hapa tuliweka mafuvu ya wazee. Maana Wataita wa zamani walihifadhi mafuvu ya mababu mapangoni, na mtu alijua pa kwenda kuongea na babu yake. Fikiria kuhamishwa mahali ambapo huwezi hata kwenda kwa wafu wako.

Hao ndio mastaa wangu. Kizazi kizima kilichotoka uhamishoni kikajenga tena vijiji vile vile kuuzunguka mlima ule ule. Huko ni kushinda kwenyewe.

Halafu twende makaburini. Voi kuna makaburi ya vita, yametunzwa safi, nyasi zimekatwa. Humo amelala Wilbur Dartnell, luteni kutoka Melbourne, Australia. Septemba 3, 1915, karibu na Maktau, alijeruhiwa mguu. Wenzake walitaka kumbeba, akakataa, akaamua kubaki na majeruhi wengine ili awalinde. Akauawa. Walimpa Victoria Cross, medali ya juu kabisa ya Uingereza. Ni ushujaa wa kweli, na simnyang'anyi hata chembe.

Lakini angalia tarehe. Dartnell alikufa majuma machache tu baada ya kituo cha Kasigau kutekwa. Katika nyika moja, msimu mmoja, vita vimoja, mmoja ana jiwe lenye jina, umri na kikosi. Wa Kasigau waliokufa Malindi, je? Na wabeba mizigo, wale wa Kariakoo, makumi ya maelfu waliokufa Afrika Mashariki wakibeba risasi na unga wa watu wengine? Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa ripoti ikakubali kwamba zaidi ya watu 100,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuwahi kukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Wakaomba msamaha. Zaidi ya miaka 100 baadaye.

Twende mbele, Mei 14, 1931. Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza mwenye jina kubwa, alikuja Voi na ndege yake ndogo kutafuta ndovu kutoka angani. Asubuhi alipaa, na muda mfupi baadaye ndege ikaanguka ikawaka moto. Alizikwa Ngong. Mpenzi wake, Karen Blixen, aliandika kitabu kikapendwa dunia nzima, na filamu yake ya 1985 ikabeba Oscar 7.

Kwenye ndege kulikuwa na mtu wa pili. Aliitwa Kamau. Alikuwa mfanyakazi wa Finch Hatton, naye alikufa pale pale, moto ule ule. Jina moja tu. Kamau nani? Wa wapi? Aliacha nani? Ukitafuta kifo cha Finch Hatton utapata kurasa mpaka uchoke. Kamau ni nusu sentensi.

Ikaja 1948, Tsavo ikatangazwa kuwa mbuga ya taifa. David Sheldrick akawa mkuu wa kwanza wa Tsavo Mashariki, akaishi hapa Voi karibu miaka 30, na mkewe Daphne akajulikana dunia nzima kwa kulea ndovu yatima. Kazi yao ni kubwa. Ila mbuga haikuchorwa kwenye karatasi tupu. Waata walikuwa wakiwinda kwenye hiyo nyika tangu zamani, kwa pinde nzito ambazo mtu wa kawaida hawezi hata kuzivuta. Aliyejulikana zaidi kati yao aliitwa Galogalo Kafonde. Miaka ya 1950 ilipofanyika operesheni kubwa ya kumaliza ujangili, watu kama yeye walikamatwa na kufungwa. Jana mwindaji, leo mhalifu, na hajahama hata hatua moja. Finch Hatton alikuja Voi kwa sababu ya ndovu hao hao, yeye anaitwa mwindaji wa kimapenzi.

Watu wetu waliosimama pia wapo. Mwaka 1939 ilianzishwa Taita Hills Association kupinga unyakuzi wa ardhi na kulazimishwa kupunguza mifugo. Viongozi wake walikuwa watu kama Woresha Mengo na Jimmy Mwambichi. Mwaka 1940 serikali ikaipiga marufuku siku moja na vyama vya Wakikuyu na Wakamba, viongozi wakatiwa kizuizini. Shuleni nilifundishwa hilo kwa mstari mmoja, na mtihani ulipoisha likaisha. Ila ukiangalia tarehe utaona kitu: chama kilianza miaka michache tu baada ya Wakasigau kurudi. Kilio cha ardhi huku hakikuanza na siasa za juzi.

Na hata kwenye raha tumepotezwa. Fadhili William, aliyerekodi "Malaika" karibu mwaka 1960, jina lake la mwisho ni Mdawida. Mdawida ni Mtaita, limeandikwa wazi. Wapo wanaosema mtunzi hasa ni Adam Salim wa Tanzania, na huo mjadala haujaisha. Lakini sauti iliyoufikisha wimbo redioni ilikuwa na asili ya milima yetu, na waulize vijana kumi wa Voi, wengi watakwambia ni wimbo wa Miriam Makeba.

Sasa najua kuna mtu anasema: bro, simba na ndovu wanaleta watalii, watalii wanaleta pesa, wewe unataka tuuze huzuni? Swali zuri. Jibu langu ni kwamba hii siyo hadithi ya huzuni tu, ni hadithi ya nani ana haki ya kusema "hapa ni kwetu".

Asilimia 62 ya kaunti ya Taita Taveta ni mbuga. Ongeza mashamba ya makonge, ongeza ranchi, kinachobaki kwa watu ni vipande. Kila mara ardhi huku ikizungumziwa, kuna anayeiita "nyika tupu". Hilo neno tupu ni la hatari. Kasigau ilikuwa tupu miaka ya 1920 kwa sababu watu walikuwa wamefukuzwa! Mpima ramani aliyepita wakati huo angeandika nini? Hakuna watu. Halafu hiyo karatasi inakuja kukaa ofisini miaka 80, inakuwa ushahidi dhidi ya mjukuu wako.

Mwaka 2011 Kasigau iliingia tena kwenye habari za dunia. Mradi wa huku wa kulinda misitu ulikuwa wa kwanza duniani wa aina yake kutoa hati za hewa ya kaboni zilizothibitishwa kimataifa. Kampuni za ng'ambo zinajua kutamka Kasigau. Miti yetu imehesabiwa, imepimwa kwa satelaiti, ina namba kwenye sajili. Vizuri. Basi na waliokufa Malindi wahesabiwe. Kama dunia inaweza kuhesabu pumzi ya mti, inaweza kuandika jina la bibi aliyeulinda huo mti kabla hakujakuwa na mradi.

Sisemi tutoe simba. Simba wabaki, Dartnell abaki, ndovu wabaki, hata Finch Hatton abaki. Ninachotaka ni majina yaongezwe. Stesheni ya Voi inapokea maelfu ya abiria. Weka ubao mmoja pale unaosema 1915 ilikuwaje. Kaunti ina barabara na shule zinazongoja majina. Walimu wana watoto wenye simu. Hakuna kati ya haya kinachohitaji digrii wala bajeti ya mabilioni.

Na wakati tunangoja wakubwa, kuna kazi ya leo. Waliozaliwa uhamishoni wameshazeeka na kuondoka, wengi sana. Waliobaki ni watoto wao, wale waliosimuliwa jikoni na mama zao. Hawa wakienda, tutabaki na kitabu cha Patterson.

Kwa hivyo wikendi hii, kama una bibi au babu Kasigau, Sagalla, Mbololo, Taveta, popote, kaa naye. Washa kinasa sauti cha simu. Usimuulize "historia", atakwambia hajui. Muulize mama yake alizaliwa wapi, na kwa nini huko. Muulize nani alirudi na nani hakurudi. Kisha andika hayo majina hapa chini, mawili mawili, jina la mtu na la baba yake, pamoja na kijiji. Mimi nitayakusanya yote, niyaweke mahali pamoja, ili siku mtoto wa Rukanga akiandika "Voi" kwenye simu yake, akutane na watu wake pia.